Mkopo wa Milango na Mkopo wa Msingi

Kila msimu wa karafuu unapomalizika, maduka ya vifaa vya ujenzi ya Chake Chake na Wete hupata wateja ambao miezi miwili nyuma walikuwa juu ya mikarafuu. Mtu ameshachuma, ameshaanika kwenye jamvi, ameshauza ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, na kabla fedha haijazoea mfuko anaulizia bei ya saruji. Sioni ubaya katika jambo hilo. Kwa miaka mingi nyumba imekuwa ndiyo benki ya mtu wa Pemba, na tofali haliibiwi kwa urahisi. Shida iko katika mwendo wa mkarafuu wenyewe: mavuno makubwa huja mara moja katika miaka mitatu au minne, na nyumba inayojengwa kwa karafuu hufuata mwendo huohuo. Mwaka huu msingi, mavuno mengine kuta, mengine bati, na katikati yake kuna miaka ya kungoja ambayo hakuna anayeitia kwenye hesabu.

Mimi mwenyewe nimo katika kundi hilo. Nyumba ndogo niliyoijenga na ndugu zangu Machomane, hapa Chake Chake, kwa nia ya kupangisha ilikaa miaka minne ikiwa na bati juu, haina milango, haina madirisha, haina plasta, na wapangaji wake wa kwanza walikuwa popo. Watu waliniambia nina bahati kwa kuwa sidaiwi na mtu. Niliamini hivyo mpaka siku nilipokaa na kalamu, na hesabu iliyonitoka siku hiyo ndiyo ninayotaka kuieleza hapa, kwa sababu naona inawahusu watu wengi wenye fedha kidogo wanaofikiria kujenga au kununua nyumba ya kupangisha, Pemba au Unguja.

Kabla ya kuingia humo, neno moja la lugha. Kiswahili chetu kinaita kodi anachotoa mpangaji na kinaita kodi anachochukua serikali, na mkanganyiko huo umewaingiza wengi hasara. Katika makala hii anachotoa mpangaji nitakiita pango.

Tuchukue mfano wa nyumba ya vyumba viwili na ukumbi pembezoni mwa Chake. Kiwanja kimegharimu shilingi milioni 12 na ujenzi wote milioni 48, jumla milioni 60. Pango ni shilingi 300,000 kwa mwezi. Tarakimu hizi ni zangu za mfano, na msomaji aziondoe aweke za kwake, lakini uwiano wake hauko mbali na yale yanayozungumzwa mitaani. Kwa mwaka pango hilo ni milioni 3.6, yaani asilimia 6 ya mtaji, na hapo ndipo wengi wanapoishia kuhesabu. Sasa ondoa mwezi mmoja ambao nyumba itakaa tupu mpangaji mmoja akitoka na mwingine hajaingia: imebaki milioni 3.3. Ondoa kodi ya zuio, ile ya serikali inayokatwa pango linapolipwa, ya asilimia 10: zinakwenda 330,000. Ondoa 400,000 za matengenezo, kwa sababu hewa yetu ya bahari haina huruma na bati, bawaba wala nyaya. Kinachobaki ni shilingi milioni 2.57, kiasi cha 214,000 kwa mwezi, ambacho ni kama asilimia 4.3 ya mtaji uliotiwa.

Upande wa pili kuna bei ya mkopo. Tangu kampuni ya TMRC ianzishwe mwaka 2010 ili kuzipa benki fedha za muda mrefu kwa ajili ya mikopo ya nyumba, muda wa marejesho umerefuka na benki zinazotoa mikopo hiyo zimeongezeka, lakini riba nchini imekuwa ikicheza kati ya asilimia 15 na 19 kwa mwaka. Chukua asilimia 16. Mtu akikopa milioni 60 zote kwa miaka 15, rejesho lake la mwezi ni kama shilingi 881,000, na nyumba inamletea 214,000. Akikopa nusu, rejesho ni 440,000, bado maradufu ya kinachoingia. Ni pale tu anapokopa milioni 15, robo ya gharama, ndipo rejesho la miaka 15 linaposhuka hadi 220,000 na kukaribiana na kile nyumba inachozaa. Kwa maneno mengine, pango la shilingi la mji mdogo kama Chake linaweza kubeba robo ya nyumba. Robo tatu zilizobaki lazima zitoke kwa mwenyewe, na anayekopa kuanzia msingi akitegemea kwamba nyumba itajilipa, anayeilipa hasa ni mshahara wake au mikarafuu yake.

Hadi hapo hesabu inawapa haki wanaosema usikope. Lakini ifuate mpaka mwisho wake. Nyumba yangu ilibakiwa na kazi ya kama milioni 15: milango, madirisha, plasta, sakafu, umeme na maji. Nilizingoja miaka minne. Miezi 48 ya pango safi la 214,000 ni shilingi milioni 10.3 ambazo sikuzipata. Kama ningekopa milioni 15 kwa miaka mitano kwa riba ileile ya asilimia 16, ningerejesha kama 365,000 kwa mwezi, na riba yote ya miaka mitano ingefika kama milioni 6.9. Ndiyo kusema kutodaiwa kwangu kuliniondoshea milioni 10.3 ili kuepuka kulipa milioni 6.9, na bado sijaitia bei ya saruji na mbao iliyopanda katika muda huo, wala dari la ubavuni lililooza kwa mvua iliyoingia dirishani.

Naomba nisieleweke vibaya. Rejesho la 365,000 dhidi ya pango safi la 214,000 linaacha pengo la kama 150,000 kila mwezi kwa miaka mitano, na asiye na pahala pa kuitoa fedha hiyo mwezi baada ya mwezi, karafuu ziwepo zisiwepo, asithubutu. Ninachodai ni kwamba mkopo wa kuanzia msingi na mkopo wa kutia milango ni vitu viwili tofauti, ingawa benki huviandika kwenye fomu moja. Wa kwanza unakopea kitu ambacho kitaanza kuzaa baada ya muda usioujua. Wa pili unakopea kitu kilichobakisha miezi mitatu kuanza kuzaa. Wapo pia wanaomalizia bila benki kabisa, kwa ule utaratibu wa mpangaji kulipa pango la miezi sita au mwaka mzima mbele, au mwenye biashara kutia mlango wa duka kwa fedha zake kisha akakatiwa kwenye pango. Hiyo ni fedha isiyo na riba, na kwa milango ya maduka nimeona ikifanya kazi vizuri. Tahadhari yake ni kwamba makubaliano yaandikwe yakitaja kiasi kilichotumika na mwezi ambao mkato utakwisha, maana mpangaji aliyejenga huona haraka sana kwamba na yeye ni mwenye nyumba.

Riba nimeitaja mara nyingi kwa ajili ya hesabu, na najua wasomaji wengi wa visiwa hivi hawataki kuisikia. Njia nyingine ipo na si ndogo. PBZ, benki iliyozaliwa hapa mwaka 1966, ina huduma zinazofuata sharia. Amana Bank ilianza mwaka 2011 ikiwa benki kamili ya Kiislamu. Na baadhi ya benki kubwa za Bara zimefungua vitengo vya aina hiyo. Kwa mjenzi mdogo, mkataba anaokutana nao mara nyingi ni murabaha: benki inanunua vifaa, tuseme madirisha, milango na saruji, inavimiliki, kisha inakuuzia kwa bei ya juu inayojulikana tangu siku ya kwanza, nawe unalipa kidogo kidogo. Uzuri wake ni kwamba bei haibadiliki katikati ya safari. Lakini aibu isimzuie mteja kuuliza maswali mawili. La kwanza, je, benki inavinunua kweli vifaa hivyo kutoka kwa muuzaji, au inakupa fedha taslimu mkononi na kuipa jina la Kiarabu? La pili, ukipata karafuu nzuri mwaka wa pili na ukataka kumaliza deni mapema, utapunguziwa kiasi gani? Katika murabaha deni ni bei ya mauzo, na punguzo la kulipa mapema kwa kawaida ni hisani ya benki, si haki ya mteja. Ikiwa benki imekuuzia vifaa vya milioni 15 kwa milioni 22 za kulipa kwa miaka mitano, mzigo wako wa kila mwezi ni uleule wa mkopo wa riba niliouhesabu juu. Uhalali ni suala moja na unafuu ni jingine, na mtu ana haki ya kuvitafuta vyote viwili.

Kwa nyumba nzima, mkataba unaofaa zaidi ni ule wa ushirika unaopungua, ambao benki na mteja wanamiliki pamoja na mteja hununua fungu la benki mwaka hadi mwaka huku akililipia pango. Unadai hati safi, na hapa ndipo tunapofika kwenye jambo ambalo kwa maoni yangu lina uzito kuliko riba.

Ardhi ya Zanzibar ina historia yake, na asiyeijua atanunua kesi. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi yote ilitiwa mikononi mwa serikali, na wananchi wakagaiwa eka tatu tatu kwa ajili ya kilimo. Sheria ya Umilikaji Ardhi Namba 12 ya mwaka 1992 imeuendeleza msingi huo: ardhi ni ya umma chini ya dhamana ya Rais, na alichonacho mwananchi ni haki ya matumizi. Haki hiyo hurithiwa na huhaulishwa, yaani huhamishiwa mtu mwingine, lakini si kila ardhi kwa namna moja. Eka tatu zilitolewa kwa masharti, na hazikukusudiwa kukatwa vipande na kuuzwa kama viwanja. Hata hivyo pembezoni mwa miji yetu ndizo zinazokatwa kila siku. Mnunuzi anaoneshwa mipaka ya mawe, anaandikiwa karatasi mbele ya sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, na mashahidi wawili, anatoa fedha na kuondoka akiamini amemaliza.

Sheha ni shahidi mzuri. Anawajua watu wa shehia yake, anajua nani alilima wapi, na mtu asinunue bila ya kumuona. Lakini karatasi yake haihaulishi ardhi. Kwa Sheria ya mwaka 1994, uhaulishaji wa kudumu wa ardhi, na hata ukodishaji wa miaka mitatu au zaidi, unapaswa kupitia Bodi ya Uhaulishaji Ardhi. Mwenye karatasi ya sheha peke yake hana cha kuweka rehani, kwa hiyo ile milioni 15 ya kutilia milango niliyoipigia debe haipati. Au anaipata kwa mkopo wa mshahara wenye muda mfupi na rejesho zito. Hati ndiyo inayomfungulia mtu mlango wa fedha nafuu, na gharama ya kuifuatilia Kamisheni ya Ardhi, pamoja na mpima na safari za kwenda na kurudi, iwemo kwenye bei ya kiwanja tangu mwanzo. Kiwanja cha milioni 8 kisichosajilika ni ghali kuliko cha milioni 12 chenye hati.

Kuna na suala la miti, ambalo wanunuzi kutoka Unguja mjini na ng'ambo hulisahau. Kwetu mtu anaweza kuwa na minazi au mikarafuu katika ardhi ambayo si yake. Umenunua kiwanja, umepata kila karatasi, siku ya kuchimba msingi anatokea bibi mmoja na wajukuu zake anauliza nani aliyeruhusu kukata mnazi wa marehemu mumewe. Mara nyingi ana haki. Uulizie mti kama unavyouulizia mpaka.

Mtu mwenye mtaji wa Pemba hulazimika pia kuchagua wapi auweke, na vishawishi vya Unguja ni vingi. Kwa sensa ya 2022, Mkoa wa Mjini Magharibi peke yake una watu 893,169, karibu nusu ya Wazanzibari wote 1,889,773, wakati mikoa miwili ya Pemba kwa pamoja ina watu 543,441. Anayejenga Kwarara, Fuoni au Kisauni ana wapangaji wengi zaidi na nyumba yake haitakaa tupu muda mrefu, lakini atanunua kiwanja kwa bei iliyokwishajua hayo yote. Chake, Wete na Mkoani wapangaji ni wachache na wanajulikana: watumishi wanaohamishwa, wafanyakazi wa hospitali na benki, walimu wa skuli, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa kule Mchanga Mdogo. Hawatoi pango kubwa, ila mshahara wao hautegemei ndege ya watalii. Na mwenye nyumba aliyeko Chake anaweza kwenda kutazama bomba linalovuja baada ya sala ya alasiri. Aliyejenga Unguja atamtegemea ndugu au dalali, na hilo nalo lina bei.

Kuhusu pwani ya Paje, Jambiani na Nungwi nitasema machache, maana hadithi zake zinajulikana. Watalii waliofika Zanzibar walikuwa 538,264 mwaka 2019, wakaporomoka hadi 260,644 mwaka 2020, na mwaka 2024 wakafika 736,755. Ukiutazama mstari huo kutoka mbali unapanda. Ukiwa na rejesho la kila mwezi, mwaka 2020 unatosha kukunyang'anya nyumba kabla hujauona wa 2024. Nyumba ya wageni pia ni biashara yenye leseni, ushuru na mwajiriwa wa kutandika vitanda, na sioni kwa nini tuiweke pamoja na nyumba ya kupangisha.

Fleti zinazouzwa kabla hazijajengwa, hasa upande wa Fumba, zinahitaji kutazamwa kwa utulivu zaidi. Sheria ya mwaka 2010 imewezesha mtu kumiliki sehemu ya jengo kisheria, na hilo limefungua jambo jema kwa mnunuzi mdogo: anapata kitu kidogo chenye hati, bila ya kuhangaika na mchanga, kokoto na fundi. Lakini anayelipa kwa awamu wakati jengo linapanda anamkopesha mjenzi, na mkopeshaji yeyote mwenye akili huuliza atalipwaje mambo yakienda kombo. Awamu zimefungwa na hatua za ujenzi au na tarehe za kalenda? Jengo likichelewa mwaka mmoja, nani anabeba? Ada ya kila mwezi ya usafi, ulinzi na lifti ni kiasi gani, na inaweza kupandishwa na nani? Halafu kuna dola. Kanuni za mwaka 2025 zimekataza bei za ndani ya nchi kutajwa kwa fedha za kigeni, na sababu yake mnunuzi wa nyumba anaielewa kuliko mtu yeyote: dola iliyokuwa kama shilingi 2,300 mwanzoni mwa 2023 ilivuka 2,700 mwaka 2024 kisha ikarudi kuelekea 2,400 mwishoni mwa mwaka huo. Mtu anayelipwa kwa shilingi na kudaiwa kwa dola aliona rejesho lake likipanda kwa zaidi ya asilimia 15 bila ya kuongezewa hata tofali moja. Mikataba ya zamani yenye sura hiyo bado iko mikononi mwa watu, na inafaa wairudie kuisoma.

Limebaki la ndugu, ambalo kwa Pemba ndilo chanzo kikuu cha mtaji. Kaka yuko Muscat, dada yuko Dar es Salaam, mmoja amebaki nyumbani anasimamia. Kila mmoja anatia chake, na kiwanja kinaandikwa jina la aliyebaki kwa sababu ndiye aliyekuwepo siku ya kuandika. Ushirika huu ni bora kuliko mkopo wa aina yoyote niliyoitaja, hauna riba wala rehani, na ndio unaoweza kutoa zile robo tatu ambazo pango haliwezi kuzibeba. Udhaifu wake hutokea siku aliyeandikwa anapofariki. Nyumba inaingia katika mirathi yake, wajane na watoto wanakwenda kwa kadhi wakiwa na hati yenye jina la baba yao, na kaka wa Muscat hana ila picha za simu na risiti za kutuma fedha. Kadhi hufuata kilichothibitishwa. Waraka wa kurasa mbili, uliotiwa saini na wote, unaotaja nani ametia kiasi gani, fungu lake ni lipi, na anayetaka kutoka atalipwa kwa thamani ya lini, ungewatosha. Na kama nyumba ina ghorofa, ile sheria ya 2010 inawaruhusu kusajili kila ghorofa kwa jina la mwenyewe.

Waraka wetu wa Machomane tuliuandika mwaka wa tano, baada ya milango kutiwa na mpangaji wa kwanza, mwalimu, kuingia kwa pango la miezi sita mbele. Dada yangu alikataa kutia saini mpaka tuongeze kifungu kinachosema ile miaka minne ya popo ilikuwa kosa la nani.